Nimeona Onyo, Naingia

"Endelea basi! Ndege imeanza kutikisika, halafu?"

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, jicho la kulia limefungwa bandeji, la kushoto lina ukungu, masikio yote mawili ameyategea simu yangu. Mimi nimekaa chini kwenye mkeka, natikisika kuliko hiyo ndege. Macho yangu yalikuwa yameshatangulia mstari mmoja mbele ya mdomo, na mstari huo ulisema hivi: *Rubani akafumba macho, na hakuyafumbua tena.*

Rubani kafa. Hivi hivi. Bila hata hodi.

"We mtoto, umemeza ulimi?"

"Hapana Mama, mtandao unasumbua."

"Mtandao unasumbua na wewe ndiye unahema? Soma!"

Jamani, asubuhi ya siku hiyo hiyo daktari wa macho alikuwa amenivuta pembeni akanionya: "Asiiname, asinyanyue kitu kizito, na kwa vyovyote vile asilie. Akilia hivi sasa, kazi yote tuliyofanya inaharibika." Na mama yangu kwa Rubani alikuwa hajiwezi. Ile tamthilia ya Rubani na Nesi tuliitazama wote, mimi, Mama na marehemu Baba, mpaka kituo cha televisheni kilipoikata katikati, Rubani bado yuko angani hajatua. Mashabiki tukakasirika, tukafungua kundi kwenye simu, tukajiita Abiria. Wenye kipaji wakaanza kuandika muendelezo wao wenyewe, na aliyewapita wote ni mmoja aliyejiita Barafu. Kila akitoa sehemu mpya, mimi namsomea Mama. Leo Barafu huyo huyo kaamua kuua.

Nikafanya ambacho angefanya mtu yeyote mwenye mama mmoja tu.

"Rubani akafumba macho," nikasoma. Nikameza mate. "Akayafumbua. Akauliza, 'Nani kazima taa?'"

Mama akacheka mpaka akashika bandeji.

"Huyo ndiye Rubani wangu! Halafu?"

"Halafu... Nesi akamwambia taa hazijazimwa, umefunikwa na kofia yako mwenyewe."

"Yesuuu! Mwandishi huyu kazaliwa siku nzuri."

Nikamaliza sehemu ile kwa kutunga tu. Mimi ni fundi mapazia. Nikipewa kitambaa kifupi najua pa kuongezea, lakini kuongezea uhai wa mtu ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nilipomaliza nikaenda uani, nikamwandikia huyo Barafu faragha, vidole vinagonga kioo utadhani nadai.

"Wewe Barafu, huna mama?"

Akajibu papo hapo: "Habari yako pia. Ninaye. Kwani vipi?"

"Unauaje mtu bila kuweka onyo mwanzoni?"

"Onyo? Dada yangu, hii ni hadithi, siyo nguzo ya umeme."

"Nguzo ya umeme ina adabu kukushinda. Imechorwa fuvu, anayepanda anajua anapanda nini."

"Nikishasema mwanzoni kuna kifo, uhondo umebaki wapi?"

"Uhondo wako ulikuwa unampofusha mama yangu."

Nikamweleza yote: bandeji, daktari, mkeka, kofia. Kisha nikaongeza jambo ambalo sikupanga kumwambia mtu nisiyemjua. Nilimwambia kwamba baba yangu alitoka asubuhi kwenda kununua balbu, akarudi amebebwa. Balbu ilikuwa mfukoni, nzima. Hakuna aliyetupa onyo.

Tiki zikawa za bluu. Nikasema huyu nimemshona mdomo. Halafu ikaingia sauti yake, nzito, ya taratibu, na nyuma yake kuna kitu kinanguruma.

"Dada, nisamehe. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu anamsomea mtu. Nilidhani kila mmoja anasoma peke yake, akitaka kulia anajifungia chooni. Nisamehe sana. Na pole kwa baba."

Hasira zangu zikakatika. Mwanaume kukosa na kusema nisamehe mara mbili ndani ya sauti moja, mimi nilikuwa sijapata kusikia.

"Nimekusamehe," nikamwandikia. "Ila ni nini hicho kinanguruma? Unaandikia ndani ya ndege kweli?"

"Friji. Mimi ni fundi friji. Naandika nikisubiri lianze kupoa."

Kesho yake kundini kukawaka moto. Barafu mwenyewe aliandika kwamba kuanzia sasa, hadithi yenye kifo iwekwe onyo juu. Nusu ya Abiria wakampongeza, nusu wakamrukia.

"Hivi hata kwenye hadithi sasa tulelewe?"

"We unayesema hivyo jana ulinitumia sauti unalia mpaka mumeo akaja kuuliza!"

"Mimi nataka kushtuka! Nimelipia bando nishtuke!"

Admini wetu, mwalimu mstaafu asiyependa kelele, akakata shauri: "Onyo liwekwe. Mwenye kutaka kuingia aandike kwanza, 'Nimeona onyo, naingia.' Akishaandika hivyo, asije kuniletea machozi yake." Ikawa sheria. Hata wale wapinzani wakaipenda, maana kila hadithi yenye kifo ikitoka unaona watu wanapanga foleni: nimeona onyo, naingia, nimeona onyo, naingia. Hakuna aliyerudi nyuma.

Mimi na Barafu tulikuwa na letu pembeni. Kwa kundi zima Rubani alikuwa kaburini. Kwa Mama alikuwa hai, tena ana njaa. Sasa nitamlisha nini kila jioni? Kipaji changu cha kutunga kilikuwa kimeishia kwenye ile kofia.

"Nitamwandikia Mama ya kwake," Barafu akaniambia. "Kundi wabaki na yao."

"Utaandika mbili mbili?"

"Mtu niliyemuua mwenyewe, kumfufua si kazi yangu?"

Basi kila siku mbili tatu inakuja sehemu ya Mama peke yake, na juu kabisa ameandika: *Onyo: hakuna anayekufa. Mama apumzike.* Ikija, inakuja imechelewa. Hajawahi kuleta kwa wakati hata siku moja. "Samahani, friji la mtu limenishika." "Samahani, gesi imevuja." Mimi namtukana kidogo, naye anaandika huku anacheka.

Bandeji ya kwanza ikatoka, daktari akalifanyia upasuaji jicho la pili, bandeji nyingine ikafungwa. Katikati ya hapo friji letu likazima. Nikapiga simu.

"Wewe fundi, au unajisifu tu?"

"Nielekeze."

Alikuja na begi la vifaa, mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi kama anakuja kuposa. Alipanda ngazi zetu tatu za mlangoni akasimama kidogo kushika pumzi. Nikasema moyoni, fundi gani huyu, ngazi tatu zimemshinda! Nikamwonya kwa ishara asitaje chochote mbele ya Mama.

"Nani huyo?" Mama akauliza.

"Shikamoo Mama. Ni fundi friji."

"Marahaba, baba. Una sauti ya mtu aliyesoma. Karibu. Usijali kelele, tunaendelea na Rubani wetu hapa. Unamjua Rubani?"

Fundi alikuwa ameshaingiza kichwa nyuma ya friji.

"Namfahamu kwa mbali, Mama."

"Basi mwandishi wake ana akili, acha tu! Wenzake wangeshamuua zamani, watu wapate kulia. Yeye amemwacha mtoto wa watu aishi. Mwandishi mwenye huruma kama huyo mkewe anafaidi."

Kitu kikaanguka nyuma ya friji, kwaa!

"Umeumia, baba?"

"Hapana Mama. Bisibisi imeniponyoka."

"Ana mke, huyo mwandishi?" Mama akanigeukia mimi.

"Nitajuaje, Mama?"

"Hana," sauti ikatoka nyuma ya friji. Kisha haraka: "Nasikia hana."

Niliziba mdomo kwa futi kamba yangu ya kupimia mapazia.

Friji likapona siku hiyo, likaharibika Jumamosi. Likapona, likaharibika Jumamosi nyingine. Mama akasema, "Friji hili lina wivu. Lisiposhikwa wiki moja linazima." Bandeji ya mwisho ikatoka, Mama akamwona huyo fundi kwa macho yake mawili mapya, akamtazama juu mpaka chini, akasema tu, "Kumbe ni mzuri hivi," akarudi kukaa. Mimi ndiye niliyeona aibu kwa niaba yake.

Nilimpenda. Sitaki kuzunguka. Nilimpenda kwa uchelewaji wake, kwa samahani zake, na kwa namna alivyokuwa anakaa dukani kwangu ananishikia upindo wa pazia nikishona, ananisimulia Rubani atafanya nini kesho. Siku moja, pazia refu la ukumbi wa mtu liko kati yetu, akaniambia:

"Nataka kuja kwa Mama. Siyo kwa ajili ya friji."

"Njoo."

"Nitakuja. Nipe muda kidogo."

"Muda wa nini? Una mke uliyemficha ndani ya friji?"

"Sina mke."

"Basi una nini?"

Akacheka, akakunja upindo vibaya, nikamnyang'anya. Sikuuliza tena. Laiti ningeuliza.

Sasa msinikimbie, hapa ndipo penyewe.

Ilikuwa Jumatano, niko kwenye cherehani, simu ikaanza kulia mfululizo. Sehemu ya Mama. Sehemu nyingine ya Mama. Nyingine. Nyingine. Rubani kastaafu. Rubani kapata mjukuu. Rubani kanunua baiskeli. Zote zimekamilika, zote juu zimeandikwa hakuna anayekufa, na mwisho ujumbe:

"Hizi ni za Mama. Zitatosha muda mrefu. Umsomee taratibu."

Mguu wangu ukaachia cherehani wenyewe. Mwandishi wa kuchelewa akikuletea kazi yote mapema, shoga yangu, hapo hapana heri.

"Mbona zote?" nikaandika.

"Nasafiri kidogo. Kikazi."

"Wapi?"

Tiki moja. Haikuongezeka.

Nilifunga duka pini zikiwa bado mdomoni. Karakana yake ilikuwa mtaa wa tatu, mafriji yamepangwa nje hayana milango, na dada yake mkubwa amekaa kwenye kigoda anapokea wateja. Alinitazama mkononi, akaona futi kamba.

"Wewe ndiye wa mapazia?"

"Ndiyo, dada. Yuko wapi?"

"Kumbe hakukwambia." Akainuka, akanipa kile kigoda. "Kaa kwanza."

"Sikai. Yuko wapi?"

"Hospitali. Moyo wake una kasoro tangu azaliwe. Tulikuwa tunasubiri zamu yake, wamemwita. Kesho asubuhi wanamfungua kifua."

Nikakaa.

Nilirudi nyumbani nalia njia nzima, tena kilio cha hasira. Mama alikuwa anakunja nguo. Nikamwaga kila kitu: kwamba fundi friji ndiye Barafu, kwamba nampenda, kwamba yuko hospitali, kwamba ni mwongo.

"Nilimwambia habari za Baba, Mama! Za balbu! Anajua mimi ni mtu wa namna gani! Angeniambia! Kanifanyia vile vile, anatoka zake kimya, mimi nije nione viti vya msiba vimepangwa nje! Siendi. Na akipona asinitafute."

Mama akakunja kanga, akailaza.

"Na Rubani je?"

"Mama, nina mtu hospitali, wewe unaniuliza Rubani?"

"Rubani wangu. Alikufa lini?"

Nikafuta machozi kwa kiganja.

"Umejua lini?"

"Siku ya bandeji ya pili. Ile hadithi ilikuwa imeshasambaa simu kwa simu, benchi zima la kliniki linamlilia Rubani, nesi anapita na pamba anasema, jamani msilie, msilie. Mimi peke yangu nimekaa mkavu. Mwenzangu akaniuliza, wewe mama, humjui Rubani? Nikamwambia namjua, jana jioni tu alikuwa anafua soksi zake."

Nikataka kucheka, nikalia.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nafaidi. Na sauti yako ukiwa unanidanganya inakuwa tamu, mwanangu. Wiki zile za bandeji nakushukuru, uliniokolea macho. Lakini bandeji zilitoka. Ungekuja ukaniambia, Mama, sasa unaweza kulia, Rubani alikufa. Hukuja."

"Nilikuwa nakulinda."

"Najua. Siku ya baba yako nilikuwa na wageni wa kupokea, vyombo vya kuazima, watu wa kuwalaza. Sikulia nikatosheka. Nilikuwa nakitafuta kilio hicho mpaka leo. Rubani angenipa. Wewe ukakifungia kabatini, ukaondoka na ufunguo."

Nilimshika mkono.

"Sasa huyo kijana kamfanyia nani kosa gani ambalo wewe hujanifanyia mimi?"

"Mama!"

"Sisemi hajakosa. Kakosa, tena sana. Nakuuliza hivi: nilipokuwa nimefungwa jicho, tukifika pale mlangoni, ulikuwa unaniambia nini?"

"Nilikuwa nasema, 'Mama, ngazi.'"

"Hukusema, Mama usitoke. Wala hukuninyamazia nianguke. Ulisema ngazi, nikashika ukuta, nikashuka kwa miguu yangu. Onyo ndiyo hilo tu, mwanangu, hakuna jingine. Huyo kijana hajui kusema ngazi. Kesho alfajiri nenda kamfundishe."

"Na akifa?"

"Atakuwa amekufa umemshika mkono. Baba yako sikumshika." Akajifuta pua kwa kanga aliyoikunja. "Sasa lete simu. Nisomee ile ya kweli."

"Mama, una hakika?"

"Macho yangu yamepona. Soma. Na uanze na onyo, kundini kwenu si ndiyo sheria?"

Nikakaa kwenye mkeka wetu. "Onyo," nikasema. "Rubani anakufa."

"Nimeona onyo. Naingia."

Nikamsomea mpaka mwisho, kila neno aliloandika Barafu. Mama alilia kuanzia ndege ilipotikisika hadi Nesi alipokunja sare ya marehemu. Alilia kwa sauti, akamwita Rubani, halafu katikati akaanza kumwita Baba, nami nikamsaidia. Tulipotulia, uso wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyouona tangu msiba.

"Ahsante," akasema. "Huyu kijana anajua kuzika mtu. Apone tu."

Alfajiri nikawa wa kwanza getini. Wodi ilinuka dawa ya sakafu, mapazia yao yamekatwa mafupi, nikayachukia. Fundi alikuwa kitanda cha mwisho, amevaa lile gauni lao la kufunga nyuma, kalifunga mbele. Aliponiona akavuta shuka mpaka shingoni.

"Nani kakuleta?"

"Baiskeli ya Rubani."

"Umekasirika."

"Nimekasirika mpaka nimepitiliza. Hilo gauni umelivaa kinyume."

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Kaburini?"

"Ningekwambia, ungeanza kuniangalia mimi kama mtu wa kuagwa. Nilitaka uniangalie kama mtu anayekunja upindo vibaya. Zilikuwa siku nzuri sana kwangu zile. Nikasema nisiziharibu."

"Uhondo usiishe."

Akainamisha kichwa. "Ndiyo. Lile lile. Nisamehe."

"Kila sehemu ya Mama umeandika juu, hakuna anayekufa. Hata ile ya baiskeli, ambayo hata mtoto angejua hafi mtu. Yetu sisi umeandika nini juu?"

"Sijaandika kitu."

"Andika."

Nesi alikuwa anapima presha kitanda cha jirani. Nikamwomba kalamu, nikamnyooshea Fundi kiganja changu. Mkono wake ulikuwa wa baridi, kweli Barafu. Akaandika polepole, anafuta machozi kwa bega. Nikasoma:

*Onyo: mhusika mkuu anaweza kufa. Mwandishi hataki kabisa.*

Niliogopa, wapendwa. Yale maneno yalipokaa kiganjani nilitamani angeninyamazia tu, aniandikie baiskeli. Nikakumbuka ngazi. Nikashika ukuta.

"Nimeona onyo," nikamwambia. "Naingia."

"Dada, huwezi kuingia," nesi akadakia. "Ndugu wanasubiri nje ya chumba cha upasuaji."

Tukacheka wote wawili vibaya, mgonjwa wa jirani akaomba kuelezwa, tukashindwa.

Walipomsukuma na kitanda cha magurudumu nilimshika mkono mpaka kwenye milango miwili. Hapo chini kulikuwa na kizingiti kidogo cha chuma.

"Ngazi," nikamwambia.

Akafumba macho, akatabasamu, milango ikajifunga.

Mama alikuja saa nne, kwa miguu yake na macho yake, akakaa kati yangu na dada mtu. Dada mtu alikuwa ameshamwambia Admini, na Admini akawaambia Abiria. Simu yangu haikutulia. Hata yule aliyelipia bando ashtuke aliandika: "Barafu, mimi leo sitaki kushtuka. Naomba toka salama." Nilisoma zile meseji moja moja. Watu ambao hata sura zao sizijui walikuwa wamesimama na mimi kwenye ile korido, na mpaka kesho nikiwakumbuka nawaombea.

Jua lilikuwa linaelekea magharibi daktari alipotoka, barakoa shingoni.

"Ndugu wa fundi friji?"

Tukainuka watatu kwa pamoja. Mama akanishika kiuno.

"Moyo umekubali. Unapiga vizuri. Mpeni muda tu."

Nilimkumbatia daktari yule mpaka kalamu zake zikamwagika. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru daktari, nikamshukuru nesi wa kalamu, nikamshukuru na mfagiaji aliyekuwa anapita zake, akaniambia, "Karibu, dada," bila kujua ni kwa lipi.

Siku ya tatu ikaingia meseji, ya kwanza kutoka kwake, fupi, imejaa makosa ya vidole dhaifu:

"Onyo: hakuna anayekufa. Ila kuna mtu ana kiu na amekumiss. Samahani kwa kuchelewa."

Basi alikuja kwa Mama, siyo kwa ajili ya friji, akiwa na dada yake na wajomba zake wawili. Alipofika mlangoni Mama mwenyewe akamwita kutoka ndani, "Ngazi, baba, taratibu," naye akapanda zote tatu bila kusimama kushika pumzi. Nilizitazama zile ngazi nikasema ahsante.

Harusi yetu ilikuwa ndogo, ila Abiria walijaa ukumbini mpaka dirishani. Mapazia nilishona mwenyewe, marefu, yanagusa sakafu, nani angeniambia kitu. Admini alikaa mbele kabisa kuzuia kelele. Mfungisha ndoa, baba mmoja mpole mwenye miwani, akafungua kitabu chake, akamgeukia bwana harusi, akaanza kumsomea maneno yale tunayoyajua wote. Katika raha na shida. Katika afya na maradhi. Nilikuwa nimeyasikia harusi ngapi maneno hayo, sikuwahi kuyatia maanani, mpaka alipofika mwisho.

"...mpaka kifo kitakapowatenganisha?"

Nyuma yangu nikasikia Mama anamnong'oneza Admini, kwa ile sauti yake ya kunong'ona inayofika barabarani: "Umesikia? Wenyewe wameweka onyo tangu zamani."

Fundi wangu akanitazama, kovu linachungulia kwenye kola ya shati, machozi yameshafika. Hakuchelewa safari hii hata kidogo.

"Nimeona onyo," akasema. "Naingia."

Abiria wakalipuka. Vigelegele, miluzi, mtu kaangusha kiti. Mfungisha ndoa akavua miwani, akatazama kitabu, akatutazama sisi.

"Samahani, bwana harusi. Hiyo ni ndiyo, au ni hapana?"

"Ni ndiyo, baba!" Mama akamjibu, anajifuta macho yake mawili mazima, analia anavyotaka, hakuna daktari wa kumkataza. "Andika ndiyo. Na huyu binti yangu naye mwulize haraka, anaingia huyo!"